Kijana Aliyemaliza Shule na Kazi ya Ujenzi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa ujenzi hapa Isiolo. Tumeyapiga chapa ili wenzetu waliokuwa kazini siku hiyo nao wapate kuyasoma.)



Kamati imetuomba tuzungumze juu ya vijana waliomaliza shule na jinsi wanavyoweza kuingia katika kazi ya ujenzi kwa njia ya uanagenzi. Tulidhani ni jambo la dakika kumi. Lakini tulipoketi kulifikiri tuliona kwamba linatuhusu sisi mafundi hata kuliko linavyowahusu vijana. Kwa hiyo tutasema kwa urefu kidogo, na pengine baadhi yenu hamtafurahi.

Tuanze na yale anayoyaona kila mtu. Pita asubuhi saa kumi na mbili na nusu mbele ya saiti yo yote hapa mjini, iwe Bulla Pesa, iwe Kiwanjani, iwe upande wa Wabera. Utawakuta vijana wamesimama langoni. Wengi wao wamemaliza Form Four, na vyeti vyao viko nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Wanangoja nyapara atoke anyoshe kidole: wewe, na wewe, na wewe. Aliyechaguliwa anapewa karai na sepetu. Asiyechaguliwa anakwenda kukaa chini ya mti na wenzake, na kufika saa nne mashavu yamejaa miraa.

Zamani kijana wa namna hii alikuwa na mahali pa kurudi. Alirudi kwa mifugo ya baba yake, kule Merti, au Garbatulla, au Oldonyiro. Siku hizi si kila mtu ana ng'ombe wa kurudia. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Wazee waliokaa hapa mbele hawahitaji kuambiwa na sisi idadi ya mizoga waliyoiacha njiani. Kwa hiyo kijana anayesimama langoni hakuja mjini kutembea. Amekuja kwa sababu nyumbani hakuna kitu kinachomngoja.

Basi, akipewa karai, je, amekwisha kuingia katika kazi ya ujenzi? Wazazi wengi hudhani hivyo. Mama hufurahi, husema mwanangu yuko saiti, anajifunza. Mama, tunakuomba radhi, lakini huenda hajifunzi kitu. Mtu wa mkono anaweza kubeba karai miaka sita akawa bado ni mtu wa mkono. Wako baadhi yetu katika kamati hii waliobeba miaka sita kweli. Tulijifunza kwa kuiba kwa macho, na tulipotaka kushika mwiko ilitubidi tungoje fundi aende kula.

Uanagenzi ni kitu kingine. Uanagenzi ni mapatano ya maandishi. Kijana anajifunga kumtumikia tajiri kwa muda uliowekwa, na tajiri naye anajifunga kumfundisha kazi, siyo kumtumia tu. Neno kubwa ni hilo la kufungwa pande zote mbili. Nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili, nayo ni Sheria ya Mafunzo ya Kazi, Sura ya 237. Mwaka 2011 sheria hiyo ilirekebishwa, ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kazi, ile inayoitwa NITA. Ndani ya bodi yake wafanyakazi wana wajumbe wao pamoja na wa matajiri na wa Serikali. Tajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi aliye naye, na fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya mafunzo. Tajiri anayefundisha watu kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama zake. Tunayasema haya kwa sababu kontrakta mmoja alituambia usoni kwamba hana fedha za kufundisha mtoto wa mtu. Tulimjibu kwamba kama anatii sheria, fedha za kufundisha amekwisha kuzitoa, na kilichobaki ni kuzifuata.

Sasa tuseme kisa kimoja ambacho bado kinatuuma.

Kijana mmoja alifanya kazi pamoja nasi kwa miezi tisa katika jengo la ghorofa moja. Jina lake hatutalitaja, wala la kontrakta. Alikuwa mwepisi, mwenye adabu, na tulipenda kumwita kwa sababu hakuhitaji kuelezwa jambo mara mbili. Siku moja jiwe lilimwangukia mkononi alipokuwa akilipokea chini ya jukwaa, likasaga vidole viwili. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda. Tulipokwenda kuuliza habari ya malipo tuliambiwa: huyu si mfanyakazi, huyu anajifunza tu. Mishahara yake ya kila Jumamosi alikuwa akipewa mkononi, bila kuandikwa po pote. Hakuna aliyeweza kuonyesha siku aliyoanza. Sisi tuliomwita kwa jina lake miezi tisa hatukuwa na karatasi hata moja ya kumsaidia. Tuligombana, tukapaza sauti, na mwisho kijana akachoka kungoja akarudi kwao na mkono wake.

Ndugu, sikilizeni vizuri. Neno lile, kwamba anajifunza tu, si kweli mbele ya sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mwanagenzi ni mfanyakazi. Sheria ya fidia ya kuumia kazini, nayo ya mwaka huo huo wa 2007, inasema vivyo hivyo: mwanagenzi akiumia, anastahili fidia kama mfanyakazi mwingine ye yote. Hatukushindwa kwa sababu haki haikuwapo. Tulishindwa kwa sababu hatukuiandika mapema. Kama angalikuwa na mapatano ya uanagenzi yaliyosajiliwa, lile neno lisingaliweza kutamkwa.

Kwa hiyo msidhani kwamba karatasi ni mambo ya makarani.

Sasa tuje kwetu sisi mafundi. Hapa ndipo tulipowaonya kwamba baadhi yenu hamtafurahi.

Tunaficha kazi. Tuseme ukweli. Wakati wa kupima msingi, kufunga kamba na kutafuta kona, tunamwambia kijana: kimbia ulete maji. Akirudi, kona imekwisha kupatikana, na yeye anaambiwa aanze kuchimba. Ni desturi ya siku nyingi. Sisi tulifanyiwa hivyo, nasi tunafanya hivyo. Sababu yake ni woga. Tunaogopa kwamba tukimfundisha leo, kesho atasimama langoni na mwiko wake akubali kazi kwa nusu ya bei yetu.

Lakini hebu tuangalie ni nani hasa anayetushushia bei. Ni yule aliyeiba kazi nusu. Anajua kupanga mawe lakini hajui kusoma ramani. Hana daraja, hana cheti, na kwa hiyo hana nguvu ya kukataa mshahara wo wote. Tajiri akimwambia chukua hii, anachukua. Mtu aliyefundishwa mpaka mwisho, akafanya mtihani wa kazi wa Serikali, hawezi kufanyiwa hivyo kirahisi. Katika amri ya mishahara ya chini, fundi asiye na daraja ana mstari wake, wa Daraja la Tatu ana wake, wa Pili wake, na wa Kwanza wake, na kila mstari umepita ule wa chini yake. Kijana mwenye daraja anasimama juu ya mstari huo, nasi tunasimama pamoja naye. Asiye na daraja anatuvuta chini sote. Basi kumficha kijana kazi ni kujitengenezea mshindani wa bei rahisi kwa mikono yetu wenyewe.

Liko jambo lingine. Vijana hawa wana kitu ambacho wengi wetu hatuna. Tulikuwa tukipima kona ya nyumba kule Tullu Roba. Mzee wetu mmoja alichukua futi tatu upande huu, futi nne upande ule, akavuta mshazari, ukatoka futi tano, akasema kona imekaa guni. Mtu wa mkono aliyekuwa karibu, binti aliyemaliza Form Four, akasema: hii tulifundishwa darasani, lakini hatukuambiwa ni ya kujengea nyumba. Mzee akacheka sana. Alikuwa ameitumia miaka thelathini bila kujua kwamba ina jina la Myunani. Huyo binti alikuwa na hesabu bila kona, na mzee alikuwa na kona bila hesabu. Watu wa namna hii wawili wakikaa pamoja miaka mitatu, kila mmoja atamfaa mwenzake. (Na kwa kuwa tumemtaja binti: kamati haioni sababu yo yote ya kuwakataa wasichana. Anayesema kazi hii ni nzito kwao hajawaona mama zetu wakichota maji.)

Kufundisha hakuna maana ya kumwacha kijana atazame tu. Chukueni mfano wa simiti, maana kwa hali ya hewa yetu jambo hili linaharibu nyumba nyingi. Mtu asiyefundishwa hufikiri kwamba simiti inakuwa ngumu kwa kukauka. Akiona jua kali la Isiolo hufurahi, akasema itakauka upesi. Kumbe simiti inakuwa ngumu kwa kunywa maji, siyo kwa kuyapoteza. Jua letu na upepo wa mchana vinayanyang'anya maji kabla simiti haijashika sawasawa, na baada ya mwezi unaona nyufa kama za bwawa lililokauka. Ndiyo sababu slabu hufunikwa magunia na kumwagiliwa maji siku saba au zaidi. Kijana akiambiwa mwaga maji, atamwaga siku mbili, na ya tatu atalala. Akielezwa kwa nini, atakuja hata Jumapili.

Na mchanga kadhalika. Mchanga wetu unatoka katika laga, na laga nyingine zina tope nyingi. Fundi mzuri hutia mchanga katika chupa ya maji, huitikisa, huiacha itulie, na hutazama unene wa tope lililokaa juu. Ni kazi ya chupa moja tu, lakini nani kati yetu amemwonyesha mtu wake wa mkono?

Tumesema juu ya saiti ndogo. Tuseme pia juu ya kazi kubwa, maana hapa Isiolo tumeona kazi kubwa zikija na kuondoka. Barabara ya lami ya kwenda Moyale, kilomita 500 hivi, ilianzia hapa, na sehemu yake ya kwanza ilikuwa kilomita 136 hadi Mto Merille. Mwaka 2012 mpango wa LAPSSET ulizinduliwa kule Lamu, na mji wetu ukatajwa kuwa njia panda yake. Mwaka 2017 jengo la uwanja wa ndege likafunguliwa. Vijana wetu walipata vibarua, hatukatai, na walishukuru. Wengine walishika bendera za kusimamisha magari, wengine walibeba mawe. Lakini kazi zilipokwisha wangapi waliondoka na daraja? Sisi tunaowafahamu tunaweza kuwahesabu kwa vidole. Mashine ziliondoka na waliojua kuziendesha, na vijana wakarudi langoni wakiwa na koti la kung'aa na kofia ya plastiki.

Hapo ndipo huzuka maneno yale mabaya: kazi ya wenyeji inachukuliwa na watu wa kuja. Fundi wa Meru asilete mwiko wake hapa, wa Nairobi arudi kwao. Na miongoni mwetu wenyewe, Mborana amwangalie Mturkana, Msomali amwangalie Msamburu. Chama hakiwezi kuyakubali maneno hayo, na hatusemi hivyo kwa kupenda sifa. Fundi anayejua kazi, hata akitoka wapi, ndiye mwalimu wetu. Ukimfukuza, umefukuza shule. Jambo la kudai ni kwamba kila kontrakta anayekuja hapa na mafundi wake achukue wanagenzi wa hapa, kwa mapatano ya maandishi, na wale mafundi wapewe wakati wa kufundisha. Hilo linadaiwa mwanzoni, kabla ya jiwe la kwanza, siyo siku ya kufungua jengo.

Habari ya waliomaliza shule kukosa kazi si mpya. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kikristo lilitoa taarifa iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule, na kutokana nayo vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza. Chini ya Katiba ya 2010 vyuo hivyo viko mikononi mwa kaunti. Ni vizuri, na tunawashauri wazazi wasividharau. Lakini chuo peke yake hakitoshi. Mtu aliyejenga ukuta wa mazoezi na kuubomoa mara ishirini bado hajajenga ukuta utakaokaliwa na watu. Kule Ujerumani mwanafunzi wa uashi hukaa na tajiri sehemu kubwa ya muda wake na siku nyingine huenda shuleni, kwa miaka mitatu, na vyama vya wafanyakazi hukaa mezani kukubaliana afundishwe nini. Hatusemi tuige kila kitu cha Ulaya. Lakini chuo cha kaunti kiko hapa, saiti ziko hapa, na kati yake ni mwendo wa miguu tu.

Wako pia wenzetu waliokwisha kuwa wakubwa, wenye mwiko miaka kumi na hawana karatasi. Msifikiri mmesahauliwa. Mtihani wa kazi wa NITA hauulizi ulisoma wapi, unauliza unaweza kufanya nini. Na mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila shule. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi nayo, kwa sheria yake ya 2011, ina kazi ya kuwathibitisha mafundi na wasimamizi wa saiti. Ni vigumu kumfundisha mwanagenzi afike Daraja la Tatu wakati mwalimu wake hana daraja lo lote, kwa hiyo twende wote.

Sasa mapendekezo ya kamati, ambayo mtayajadili.

Tunapendekeza kwamba katika saiti yenye wanachama wetu pasiwe na zaidi ya mwanagenzi mmoja kwa mafundi watatu. Twajua kuna matajiri watakaofurahi kujaza saiti wanagenzi na kuwafukuza mafundi. Huo si uanagenzi, ni kutafuta vibarua wa bei nafuu, na tutaupinga. Tunapendekeza mshahara wa mwanagenzi uandikwe katika mapatano na uongezwe kila mwaka kadiri anavyojua kazi. Tunapendekeza fundi anayefundisha asihesabiwe mawe ya siku sawa na asiyefundisha, maana kufundisha kunachukua muda, na fundi asipolindwa hapo atarudia kumtuma kijana maji.

Na kila mwanagenzi awe na daftari. Kila juma fundi wake aandike: juma hili amefunga kamba, juma hili amepiga plasta, juma hili amesoma ramani. Ikipita miezi mitatu daftari linasema kubeba, kubeba, kubeba, mjumbe wetu wa saiti amwendee tajiri na daftari mkononi. Asiyependa kuandika amwambie kijana aandike, yeye atie sahihi. Vijana hawa wanajua kuandika.

Kwa wazazi tuna neno moja la mwisho. Kijana aliye chini ya miaka kumi na minane hawezi kutia sahihi mapatano haya peke yake, ni lazima mzazi au mlezi awepo. Msitie kidole gumba kabla hamjasomewa karatasi yote kwa lugha mnayoielewa. Hapa chamani kuna watu wa kuisoma kwa Kiborana, kwa Kisomali, kwa Kiturkana, kwa Kisamburu na kwa Kimeru. Njoni na kitambulisho chenu, cheti cha kuzaliwa cha kijana na cheti chake cha shule. Katibu atakuwa na daftari la majina mlangoni tutakapomaliza, kurasa za kulia za vijana, na za kushoto za mafundi walio tayari kumchukua kijana mmoja. Tutaanza kuandika na kurasa za kushoto.